Njia nzima ya Mwimbi tuliambiwa "poleni", tukadhani ni pole ya safari

Wakuu, heshima kwenu wote, wa siku nyingi na mliojiunga juzi.

Naandika nikiwa Laela, nimekaa kwenye kiti cha dereva, mlango uko wazi na upepo wa Ufipa unapita. Mke wangu yuko bombani anafua. Ameniruhusu niandike kisa hiki kwa sharti moja tu: nisijipendelee. Kwa hiyo mtakachosoma ni kweli tupu, na pale nitakapoonekana mtu wa hovyo, mjue ndivyo nilivyokuwa.

Na wale mnaosubiri stori za ungo na radi kwa sababu mmeona jina la Sumbawanga, nawaomba radhi mapema. Humu hamna mchawi. Nimo mimi tu.

Nianze.

Mimi kwetu Mbeya. Ni afisa mifugo, nina miaka kumi na nne Sumbawanga, tunaishi Kizwite. Mke wangu nitamwita Oliva. Ni Mfipa wa Mwimbi, wilaya ya Kalambo, kazi yake ni cherehani.

Kwa muda mrefu tulikuwa na ndoto moja ambayo majirani waliiona ni ya watu waliokosa kazi: kuzunguka nchi kwa gari letu wenyewe, tukilala humohumo, tukipika humohumo.

Tukapata kipanya cha zamani kilichochoka kubeba abiria. Nikang'oa viti vyote. Seremala wa mtaani akatupigia kitanda, kabati na kameza ka kukunja. Jiko la gesi likawekwa nyuma ya kiti cha dereva. Oliva akashona mapazia mazito ya zambarau, kitambaa kilichobaki alipowashonea kwaya ya parokia, akayafunga kwenye madirisha yote. Ukiyashusha, aliye nje haoni kitu.

Plani ilikuwa Sumbawanga, Mbeya, Iringa, Dodoma, Singida, mpaka Tanga tukaoge bahari. Likizo ya siku ishirini na nane. Na tulikubaliana kwamba siku tatu za mwanzo simu zote zizimwe, tuwe sisi wawili tu.

Wiki moja kabla ya kuondoka, Oliva akiwa anakunja mashuka, akaniambia safari haitaanzia barabara ya Mbeya. Itaanzia Mwimbi, kwa baba yake.

Niliogopa. Sitanii.

Hapa inabidi niwarudishe nyuma kidogo, maana bila hii hamtaelewa nilichokuwa naogopa.

Miaka sita iliyopita Oliva alikuwa amelazwa hospitali, Mbeya. Ujauzito wa miezi saba ulikuwa umeharibika, mtoto hatukumpata, na yeye mwenyewe alipoteza damu nyingi sana. Alikuwa analala anaangalia ukuta. Chakula hataki, maneno hataki. Simu yake nilikuwa nayo mimi.

Siku ya tatu simu ikaita. Alikuwa Deo, kaka yake mkubwa. Mama yao amefariki, mazishi kesho kutwa.

Nilisimama kwenye korido ile nikaamua peke yangu. Sikumuuliza daktari, sikumuuliza yeye. Nikamwambia Deo kwamba Oliva hatakuja. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Hatakuja tu shemeji, nitakuja kueleza." Nikakata.

Nilijidanganya kwamba namhurumia, kwamba haiwezekani mtu abebe misiba miwili wiki moja. Ukweli ni kwamba mimi ndiye sikuwa na nguvu ya kumwona akilia mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa imenimaliza.

Nilimwambia baada ya siku kumi na moja. Akaniuliza kwa nini nilimficha. Nikasema daktari alikataza. Akaniuliza kule nyumbani nimewaambia nini. Nikasema nimewaeleza hali yake yote na wameelewa.

Yote mawili yalikuwa uongo, wakuu.

Kule Mwimbi kilijulikana kitu kimoja tu, kwamba Oliva amekataa kuja kumzika mama yake. Baba yake, mzee Benedikto, ni katekista, mtu ambaye nusu ya kijiji kile amewafundisha kupiga ishara ya msalaba. Alisema mbele za watu, siku ya kuanua matanga, kwamba mtoto huyo atakanyaga kiwanja chake siku atakapoletwa ndani ya jeneza.

Deo alinipigia kunieleza maneno hayo. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Sikufungua. Niliona aibu, na kila mwezi uliopita aibu ikawa kubwa zaidi, mpaka ikafika mahali nikaanza kuomba tu jambo lijifie lenyewe.

Maneno ya mzee yalimfikia Oliva sokoni, kwa mdomo wa binamu yake. Fikirieni alivyoyapokea. Yeye anaamini baba yake anajua kwamba alikuwa mahututi, anajua kwamba amepoteza mtoto, na bado amesema hivyo. Salamu alizotuma zilirudishwa. Tangu siku ile hatukujaliwa mtoto mwingine, na kuna siku aliniuliza kama ni lile neno la baba linamfuata. Nilimwambia aache kuwaza hivyo.

Yaani watu wawili wanaopendana walikuwa wanaumizana miaka sita, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Basi aliposema tunaanzia Mwimbi, alisema hivi: "Siwezi kwenda kuona bahari wakati baba yangu yuko hai na hatusalimiani. Nitamwamkia. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa."

Ulikuwa wakati mzuri wa kusema kweli. Mimi nikatoka nje kuangalia oili.

Siku ya kwanza tuliondoka Kizwite asubuhi, baridi ya mwezi wa saba mnaijua nyie mliowahi kufika huku. Tukapita Matai, tukaenda kulala Msanzi kwenye uwanja wa mfanyakazi mwenzangu aliyejenga huko. Tulipika maharage, tukala na ugali wa ulezi, tukacheka na kakitanda ketu kanavyolia. Kwa masaa machache nilisahau kabisa tunakokwenda.

Ila kabla ya kufika Msanzi tuliingia kwenye shimo moja la maana. Bampa la mbele likalegea upande. Na swichi ya taa ikaharibika, taa kubwa zikawaka na hazikutaka kuzimika mpaka nichomoe betri.

Asubuhi ya siku ya pili nikatafuta kamba ya katani, nikalifunga lile bampa. Kamba ilikuwa inasuguana na bati, nikaona itakatika njiani. Mti uliokuwa karibu ni mlingoti, mkaratusi kama wengine mnavyouita. Nikakata matawi mabichi, nikayapachika katikati ya kamba na bati yawe kama mto, mengine yakasimama juu mbele ya kioo. Nikajipongeza kwa ufundi wangu.

Taa nikaziacha ziwake. Nikasema betri ikiisha tutasukuma.

Sasa wakuu, simameni kidogo mliangalie gari lenyewe. Kipanya kimefungwa mapazia ya zambarau pande zote. Mbele kina majani mabichi. Taa zinawaka saa nne asubuhi. Linakwenda pole pole, kwa sababu nikikimbia vyombo vinaanguka kabatini. Halafu pembeni ya dereva yupo mwanamke amejitanda khanga kichwani kwa ajili ya baridi, ameinamisha uso kwa sababu ana wasiwasi wa kukutana na baba yake.

Mtu yeyote wa nchi hii anajua hilo ni gari la nini. Mimi mwenyewe ningepishana nalo ningepaki pembeni. Lakini nilikuwa ndani, na akili yangu ilikuwa inatunga uongo wa kumwambia mzee.

Wa kwanza alikuwa mwanaume mwenye baiskeli, amebeba magunia ya mkaa. Alishuka, akavua kofia, akasimama hadi tulipopita. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Mbele kidogo kina mama watatu wenye kuni kichwani. Walitoka barabarani, wakatua mizigo, wakachuchumaa.

Likaja lori la mahindi. Dereva akaingia majanini kabisa kutupisha, akazima muziki.

Oliva akainua uso. Aliniambia kwamba watu wa kwao hawajabadilika, bado wana heshima kwa wageni, tofauti na sisi wa Mbeya tunaopigana vikumbo. Alikuwa anatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. Mimi nikamwambia labda ni kwa sababu nawachanjia ng'ombe. Akanicheka.

Mzee mmoja aliyekuwa amesimama kwenye tanuru la matofali alituambia, "Poleni." Nikatoa kichwa dirishani nikamjibu asante mzee, tumeshapoa.

Mnaona? Neno lenyewe ni hilohilo. Ukitoka safari unaambiwa pole. Ukiugua unaambiwa pole. Ukifiwa unaambiwa pole. Watu watano sita walituambia poleni siku ile na wote niliwajibu kwamba tumeshapoa, kwa furaha kabisa, nikiwa nimekaa nyuma ya majani ya msiba.

Tulipokaribia njia panda ya kuingilia kijijini kwao, Oliva akapoteza ujasiri. Akahamia nyuma, akashusha pazia linalotenga dereva na kitanda. Akasema atabadilisha nguo, na atabaki hukohuko. Mimi nikifika nishuke kwanza, nimwamkie mzee. Mzee akikubali, nimwite atoke. Akikataa, nigeuze gari tuondoke na asimwone. Hakutaka baba yake aseme kwamba amekanyaga kiwanja chake bila ruhusa.

Pale njia panda palikuwa na bodaboda mmoja, kijana mkubwa tu wa miaka thelathini hivi. Nilikuwa nimefika kwa mzee mara mbili tu maishani, na njia zilikuwa zimeongezeka, kwa hiyo nikasimama kumuuliza kwa mzee Benedikto ni wapi.

Alivua kofia yake ngumu, akaisogeza kifuani.

"Poleni sana, kaka," akasema. "Ni nani?"

Mimi nikaelewa anauliza mimi ni nani kwa mzee, au nimemleta nani. Nikamjibu nilivyoweza.

"Ni Oliva, binti yake wa Sumbawanga. Namrudisha nyumbani kwa baba yake."

Yule jamaa aliinamisha kichwa. Akanionyesha njia kwa mkono, akaniambia niende taratibu, daraja la mbele ni bovu. Halafu akapiga kiki pikipiki yake, akatangulia kwa mwendo mkali mpaka nikashangaa kinamkimbiza nini.

Kutoka pale hadi nyumbani si mbali, lakini tulitumia zaidi ya masaa matatu. Oliva alisimamisha gari mara tatu. Mara ya kwanza alitaka kunawa uso kwenye kijito. Mara ya pili alitaka chai, nikamchemshia, akanywa nusu kikombe. Mara ya tatu hakutaka kitu, alitaka tu gari lisimame. Nilimsikia nyuma ya pazia anasali.

Nikiwa nimeshika usukani, niliamua kwamba nitasema. Nitamwambia kabla hatujafika. Nikaita, "Mama." Akaitika. Nikamuuliza kama ile sukari ya zawadi ya mzee ameiweka karibu.

Ndiyo mimi huyo, wakuu. Endeleeni kusoma.

Tuliingia kwa mzee kama saa tisa alasiri.

Kitu cha kwanza nilichoona ni watu. Kiwanja kizima watu. Wanaume wamekaa kwenye magogo kuzunguka moto, makoti mabegani. Kina mama wamejaa mlango wa nyumba kubwa, khanga vichwani. Mapipa ya maji, kuni zimerundikwa, masufuria makubwa mawili juu ya mafiga.

Nilijua hapohapo kwamba kuna msiba. Na nikajua ni wa nani. Ni mzee amefariki. Tumechelewa. Oliva hatamwamkia tena baba yake, na mimi ndiye niliyemchelewesha miaka sita.

Nikashuka. Kilio kikaanza kule kwa kina mama, kilio kikubwa, na wanaume wote wakasimama.

Halafu nikamwona mzee.

Alikuwa hai. Amekaa chini, kwenye udongo, mgongo umeegemea ukuta wa nyumba, miguu ameinyoosha mbele. Huyu ni mtu ambaye sijawahi kumwona bila kiti na bila viatu. Siku hiyo alikuwa peku.

Nikaenda nikapiga magoti, nikamwamkia. Hakuitika.

"Umemleta," akasema.

"Ndiyo, baba. Nimemleta."

"Nilisema kwa mdomo wangu huu. Mungu naye hakusubiri."

Sikuelewa. Nilifikiri uzee umemchanganya na huo msiba wao. Nikageuka kumtafuta Deo anisaidie, ndipo nilipowaona wanaume sita wamejipanga nyuma ya gari langu, watatu huku watatu kule, mikono tayari. Na mbele ya gari niliyaona yale matawi ya mlingoti, kwa mara ya kwanza kwa macho ya mtu aliye nje.

Hapo nikaelewa msiba ulikuwa wa nani.

Nikataka kupiga kelele, nikachelewa. Deo alishavuta mlango wa nyuma.

Oliva alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa kitenge kipya, mfuko wa sukari mapajani. Alisikia kilio akajua kuna msiba nyumbani, akashindwa kutoka na akashindwa kubaki. Alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili.

Wakuu, sijui niwaeleze vipi ukimya ule. Kilio kilikatika kama redio iliyochomolewa. Mmoja wa wale wanaume alikaa chini palepale. Deo alibaki ameshika mlango.

Aliyesogea ni shangazi yao, dada yake mzee, bibi mfupi mwenye umri mkubwa. Alipita katikati ya wanaume, akamshika Oliva uso, akamshika mabega, akamfinya mkono. Akasema kitu kwa Kifipa, sauti ndogo. Kisha akageuka akawaambia watu kwa Kiswahili kwamba mtoto ni mzima, ana joto.

Watu wengine waliangua kilio upya, wengine walianza kucheka huku wanalia. Mzee alijaribu kusimama akashindwa. Akasema, "Mleteni hapa."

Oliva alishuka. Alikanyaga kile kiwanja kwa miguu yake, akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya baba yake na ule mfuko wa sukari bado ameushika.

"Shikamoo baba."

Mzee hakusema marahaba. Machozi yalikuwa yanatiririka wala hayafuti. Alimuuliza swali moja, na nadhani ndilo alilokuwa amelilalia miaka yote hiyo.

"Kwa nini hukuja kumzika mama yako?"

Oliva alimwangalia kama hajamsikia vizuri.

"Sikujua, baba. Nilikuwa nimelazwa, nimempoteza mtoto. Niliambiwa baada ya siku kumi na moja. Si mlielezwa?"

Mzee akamwangalia Deo. Deo akaniangalia mimi. Halafu Oliva naye akageuza shingo taratibu akaniangalia.

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Sikuwa na pa kwenda.

"Hakuna daktari aliyekataza," nikasema. "Hakuna mtu niliyemweleza. Simu ilikuwa kwangu, Deo akapiga, nikasema hatakuja. Oliva hakujua kitu. Nyumbani nikadanganya na yeye nikamdanganya. Ni mimi."

Nilitegemea nipigwe. Nawaambia kweli, nilitamani nipigwe. Hakuna aliyenigusa wala aliyenitukana. Oliva aliniangalia tu, na yale macho ningeyabadilisha na fimbo mia.

Mzee aliondoa macho kwangu. Aliposema, hakuwa anasema na mimi.

"Kumbe nimemlaani mtu aliyekuwa kitandani."

Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha binti yake. Akafanya ishara ya msalaba kwenye paji la uso wake, mara moja, halafu tena, halafu tena. Aliirudia mara nyingi sana, kama mtu anayefuta maandishi ukutani.

Baada ya hapo pakawa na hali ya ajabu kidogo. Watu hawakujua wafanye nini. Walikuwa wamekuja msibani na marehemu amekaa pale anafuta machozi ya baba yake. Kina mama walikuwa wameleta unga na maharage. Maji yalikuwa yanachemka. Baadhi ya wanaume walianza kuokota makoti, wakiulizana chinichini ni nani aliyeleta taarifa, maana simu zetu walizipiga zikawa zimezimwa. Yule bodaboda alikuwa amejificha nyuma ya mlingoti, maskini, kosa si lake.

Mzee akawaona wanataka kuondoka. Akamwomba Deo amsimamishe. Akasimama, amemshika Oliva begani.

"Asiondoke mtu," akasema. "Mmekuja kwenye msiba, na msiba upo. Huyu hajamlilia mama yake."

Akamgeukia binti yake.

"Ingia ndani kwa mama zako, ukae chini. Leo mama yako amefariki. Lia."

Shangazi akamshika mkono. Kina mama wakafungua njia mlangoni, wakamtandikia mkeka mahali pa mfiwa, na Oliva akaingia.

Nilikuwa nimeishi naye ndani ya nyumba moja miaka yote ile nikidhani alishalia, nikidhani yaliisha kimya kimya kule Kizwite. Nilikuwa sijawahi kusikia kilio kile. Alimwita mama yake kwa Kifipa, akamwita, akamwita, na kina mama wakaitika pamoja naye, na hakuna mtu aliyemwambia anyamaze.

Mimi nilibaki nje. Wanaume walirudi kwenye magogo yao na hapakuwa na nafasi yangu, au ilikuwepo na sikuthubutu kuiomba. Deo alikuja na shoka. Alininyooshea mpini. Mnajua mkwe kwenye msiba ni mtu wa kazi, na kazi hiyo nilikuwa nadaiwa. Nikapasua kuni mpaka jua likazama, malengelenge yakapasuka na mpini ukaanza kuteleza. Kilio kilikuwa kinaendelea ndani. Kila kiliposhuka nilisimama, kikipanda naendelea.

Watu walikuwa wanapita karibu yangu na ndoo za maji. Mmoja mmoja wakawa wananiambia pole. Safari hii nilinyamaza.

Asubuhi yake mzee aliongoza sala kaburini. Wale wote waliolala walikwenda. Oliva aliweka udongo kwa mkono wake. Alikaa siku mbili za matanga, akanyolewa nywele kama wafiwa wanavyonyolewa, akala chakula alicholetewa na kina mama. Siku ya kuondoka mzee alitubariki barabarani, akamkumbatia yeye, mimi akanipa mkono. Hakunipa neno. Sikutegemea neno.

Jana tukapita Sumbawanga bila kusimama nyumbani, leo tuko hapa. Nilimuuliza kama turudi Kizwite tuache hii safari. Akasema tuendelee, bahari anaitaka. Tunaongea mambo ya maji, mafuta, chumvi. Analala upande wake, mimi upande wangu, na kakitanda kenyewe mnakajua kalivyo kadogo.

Asubuhi hii aliwasha simu yake. Ilianza kuingiza meseji za siku zote zile. Nikanyoosha mkono kama nilivyozoea, nimsomee huku yeye anaandaa chai.

Aliivuta kwake. Hakukasirika. Aliniambia, "Zangu nitasoma mwenyewe. Hata ikiwa mbaya."

Wakuu, nilichojifunza ni hicho tu, na nimejifunza nikiwa na miaka arobaini na saba: kilio cha mtu ni chake. Si kazi yangu kumchagulia siku ya kulia, wala kumpunguzia, wala kumfichia kabatini mpaka nitakapoona yuko tayari. Niliuita upendo, na ulikuwa woga wangu mwenyewe.

Wa kunitukana anitukane, nafasi ipo, nimejiandaa. Ila nina ombi kwa wale waliowahi kufichwa msiba wa mzazi, na najua humu mpo wengi, wa mitihani, wa wodini, wa ughaibuni. Niambieni, yule aliyekuficha, ulirudi kumwamini? Ilichukua muda gani? Na alifanya nini hadi ukarudi?

Amemaliza kufua, anaanika. Nikienda kumsaidia kukamua mashuka hatakataa, ila hataongea. Naenda hivyohivyo. Majibu yenu nitayasoma tukifika Tunduma.